Kinyumenyume Hadi kwenye Mzinga

Kuna jamaa wa kijiji cha Murungu aliwahi kunieleza kwamba mzinga unaendewa kinyumenyume. Nyuki wakiona mgongo wako wanadhani unaondoka, wanakuacha. Niliamini mia kwa mia! (Siku hiyo jicho lake moja lilikuwa limevimba kama andazi. Sikumuuliza kwa nini.)

Basi leo nimeaibika, jamani, na haya nayaandika nikiwa nimesimama.

Shule ya binti yangu Neema, darasa la tatu, ina siku ya kujifunzia porini. Watoto wanaingia kwenye miombo na mwalimu wao, wanapapasa magome, wanaokota majani, wanasikiliza ndege. Safari hii mzazi wa kuwaelezea mambo ni mimi. Neema alishatangaza darasani: "Baba yangu anaujua msitu wote. Nyuki wanamsalimia!" (Mimi nauza ndoo za plastiki sokoni Kibondo. Msitu naujua kwa kuupita na pikipiki.) Ningekataaje? Njia nzima amenishika mkono kama kabeba kombe.

Tukakuta mzinga wa mbao, umening'inizwa kwa waya usawa wa kiuno. Mwalimu, dada wa Tanga aliyehamishiwa huku, akawapanga watoto mbali, nyuma ya kichuguu.

"Hapa panatosha, mzee wangu."

"Mwalimu, wewe mgeni," nikamjibu kwa sauti ya mkuu wa mkoa. "Tazameni!"

Nikageuka. Nikaanza kurudi nyuma polepole, natabasamu. Watoto wamenyoosha shingo. Neema anang'aa kama karabai. Nikarudi, nikarudi... pu! Nimeuziba mlango wa mzinga kwa makalio.

Weee! Nyuki elfu kumi! (Neema anasema sita.) Ukelele wangu ulifika Kasulu bila nauli. Nikakata mbuga, kiatu kimoja kikabaki, nikajitupa kijitoni na simu mfukoni.

"Watoto, msimfuate mzee!" mwalimu akapaza sauti. Nani amfuate? Walikuwa chini wanagaagaa kwa kicheko, na mwalimu mwenyewe kajifunika uso kwa mtandio.

Neema peke yake hakucheka. Akanifuata na kiatu changu, akanifuta tope usoni kwa sketi yake ya shule.

"Nimekuaibisha, mama?"

"Hapana, baba. Si wamekusalimia?"

Nikacheka, ikauma. Akanisogelea sikioni, wenzake wasisikie:

"Ila baba, nyuki ukimzibia mlango anauma tu. Hajali umegeukia wapi."