Mchuzi Mchachu wa Arobaini ya Mama

Jumatatu, 16 Juni
Arobaini ya Mama ni Jumamosi. Nilimzika kwa simu mwezi uliopita, na picha ikakatika wakati wanamshusha. Basi Jumamosi lazima nimpikie mchuzi wake mchachu wa samaki na kumwekea sahani yake, kama ada ya kwetu Ilocos, Ufilipino. Marehemu akiridhika, anabariki. Akikasirika, watu wanaugua.

Samaki tele, nafanya kazi kiwanda cha samaki. Ukwaju hakuna. Kijiji hiki cha Iceland kina duka moja, na kitu kichachu humo ni uso wa muuzaji tu.

Jumanne, 17 Juni
Manang Purita, dada mkubwa wa Wafilipino wote wa hapa kwa kujiteua mwenyewe, ana pakiti ya ukwaju wa unga. Nilimwomba kijiko kimoja. Akatangaza mbele ya watu kwamba atapika yeye, maana mimi, Poren, hata maji huyaunguza, na mama wa watu ameshateseka vya kutosha. Wakacheka wote. Nikacheka nao, roho inaniuma.

Ukwaju wake auogee!

Alhamisi, 19 Juni
Nimepata! Jirani yangu, bibi Ásdís, ana mmea wa huku uitwao rubabu, mashina mekundu, majani mapana kuliko ya magimbi. Niliwahi kumsikia akisema ni mchachu ajabu. Kwetu majani machanga ya mkwaju ndiyo humtia kuku uchachu. Jani ni jani.

Ningeweza kumwomba. Lakini je, akimwambia Purita? Kila saa nne asubuhi bibi huenda bwawani kuoga maji ya moto. Nilimwambia msimamizi jino linaniuma. Saa nne na robo nimo bustanini. Nilikata majani kikapu kizima. Yale mashina mekundu nikayapanga vizuri ukutani. Mimi si mwizi wa kuchafua.

Jumamosi, 21 Juni
Mchuzi wa kijani. Mchachu mpaka meno yakashtuka! Wamekuja saba. Sahani ya Mama niliiweka dirishani, pamoja na sigara yake moja. Purita alionja, akaongeza bakuli! Akaniuliza ukwaju nimeutoa wapi. Nikamjibu kila mpishi ana siri zake. Tangu Mei sijapata siku njema kama hii.

Jumapili, 22 Juni
Tumetapika. Wote! Purita mara nne, kwa hesabu yake. Amekuja kajifunga kitambaa kichwani, akaniambia sikia vizuri, mdogo wangu, aliyetutapisha ni mama yako. Amekuja, na ana hasira kwa kuwa hukwenda kumzika. Muombe radhi.

Nililia mpaka nikasahau tumbo. Amekuja! Mwanamke ambaye hakuvuka hata mto Abra bila kushikwa mkono. Kavuka dunia nzima kuja kunigombeza. Nilimuomba radhi kwa sauti, nimepiga magoti jikoni, ndoo iko mbele yangu.

Jumatatu, 23 Juni
Bibi Ásdís kabisha hodi. Kaniuliza kama nimemwona aliyekata majani yake na kumwachia mashina. Nikasema kondoo. Akasema tangu azaliwe hajamwona kondoo anayepanga mashina ukutani, ila nikikutana na kondoo huyo nimpe pole, kwa sababu majani yale ni sumu. Kinacholiwa ni shina. Akanitazama tumbo, akaniachia fungu la mashina mlangoni, akaenda zake.

Kumbe hakuja mtu. Nimekaa kitandani na viatu mpaka saa ya kazi ikapita.

Jumatano, 25 Juni
Sijamwambia Purita. Siku hizi ananisalimia kwa upole, na leo kaniletea pakiti nzima ya ukwaju, bure, akasema nimpikie Mama tena taratibu, atapoa. Nimeiweka kabatini pamoja na mashina ya bibi. Sasa nina uchachu wa kulisha kijiji.

Jumapili ni siku ya kuzaliwa ya Mama. Nitapika. Nimefikiria sana. Mashina ni matamu, naambiwa. Ukwaju nao ni mtamu. Lakini utamu haujamleta mtu hapa. Nitatia majani, mawili tu, bibi akienda kuoga. Sitaalika mtu. Nitakula peke yangu, kisha nitakaa karibu na ndoo nimsubiri Mama anigombeze.