Mkurugenzi wa Jua

Fakri wa Magoudjou, mtaa wa Moroni, hakuwahi kushika kazi ya umeme maishani mwake, na hilo ndilo lililompa ujasiri wa kuanzisha kampuni ya umeme. Fursa aliiona uani kwa shemeji yake Ridjali, mpishi wa mamluki wa Kizungu mjini Moroni: mabamba manne ya umeme wa jua, yaliyotupwa na wenyewe yalipokataa kuwasha redio yao. Ridjali alikuwa ameyafunikia banda la kuku. Fakri akayatazama kwa heshima anayopewa marehemu wa ukoo mkubwa, akayabeba, akapanda meli kwenda Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani, ambako hakuna aliyemjua.

Huko alimchagua Mama Saandia wa kitongoji cha Mirontsy, mjane mfanyabiashara wa karafuu, mwenye duka kubwa na tamaa ya kulingana nalo. Alimweleza kwamba Wazungu wenye bunduki hawahangaiki na jenereta. Mabamba huvuna jua mchana, betri za lori hulihifadhi, na jua likizembea, feni juu ya mlingoti hukamua upepo. Yeye, Mkurugenzi, angemjengea mtambo wa kwanza, kisha Mirontsy nzima ingenunua umeme kwa mama. Hakumweleza kwamba feni ilitoka kwenye gari bovu, wala kwamba betri alizijaza gereji karibu na bandari. Nyaya za mabamba zilikuwa zimeliwa na panya. Akafunga mpya, kwa urembo tu.

Taa zikawaka. Majirani wakaja kushangaa, Saandia akatoa magunia ya karafuu kuwa malipo. Hesabu ya Fakri ilikuwa nyepesi: betri zingezimika baada ya siku mbili tatu, naye angekuwa Moroni. Lakini meli iliharibika injini, ikabaki gatini na karafuu zake tumboni.

Basi kila asubuhi alipita dukani, akajifanya mtu wa huduma, akauliza kama taa bado zinawaka. Akajibiwa zinawaka. Mwishowe akasahau kujizuia.

"Hata jana?"

Saandia alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. "Hata jana, Bwana Mkurugenzi."

Kesho yake alimkuta mama ameketi na Fundi Housseini, kama huko waitwavyo walimu wa dini, mtu aliyeheshimiwa na mji mzima. Taa zimekufa, alisema Saandia kwa huzuni. Tena amesikia mabamba yale yalikuwa ya mamluki. Pengine wenyewe waitwe wayakague.

Habari ya taa kufa Fakri alikuwa akiingoja, kwa hiyo hata swichi hakuibonyeza. Ili mamluki wasiitwe, aliapa mbele ya Fundi kwamba mabamba yale ni takataka, na kwamba alilijua hilo tangu Moroni. Akaomba karafuu ziteremshwe, zirudi kwa mwenyewe.

"Na mtambo nakuachia, mama, betri na kila kitu. Uniwie radhi."

Saandia alilalamika kwamba hana pa kuweka uchafu wa watu. Mwishowe, kwa ubinadamu, akakubali.

Meli ilitengenezwa, ikang'oa nanga wakati wa magharibi. Fakri alisimama ukingoni mikono mitupu, akishukuru kuponea chupuchupu, huku mji ukiingia giza isipokuwa nyumba moja. Hiyo ilimeremeta duka, sebule na ua.

Msafiri mwenzake, Chamsoudine, muuza samaki wa Mirontsy, akamweleza bila kuulizwa kwamba pale ni kwa Mama Saandia. Mtambo wake haujazimika tangu ufungwe. Watu wameshaanza kumpelekea betri zao azijaze kwa malipo. Mwenyewe husimulia akicheka jinsi aliyemuuzia alivyokuwa akija kila asubuhi kushangaa kwamba mali yake inafanya kazi.

Fakri akashika chuma cha meli kwa mikono miwili. Nyaya zile alizofunga kwa urembo. Alikuwa ameyatengeneza mabamba yale kwa mikono yake mwenyewe.

"Wewe mtu wa Moroni," Chamsoudine aliendelea. "Hujui wapi nitapata mabamba kama yale? Nitalipa bei yoyote."

Fakri alifungua mdomo. Yote aliyoyasema juu ya jua na betri yalikuwa kweli, na hakuna uongo wake uliowahi kusikika mzuri kiasi kile. Akakumbuka kiapo alichokula mbele ya Fundi.

"Usidanganyike, kaka," akasema. "Yale ni takataka. Muulize Fundi Housseini."