Tetea Mweupe na Jogoo wa Aristides

Jumatano, 2 Julai

Jamani! Vifaranga vimeanguliwa, na mimi nimekaa chini vumbini. Jogoo wangu ni mweupe pee, ana manyoya mpaka miguuni. Tetea wangu ni mweupe pee, ana kishungi kichwani. Niliwanunua mpakani Rusumo kwa dereva wa lori, akaniapia ni mbegu safi. Sasa vifaranga kumi na viwili: vitano vya njano, ndivyo vitakavyokuwa vyeupe. Vinne vyeusi! Viwili vya kahawia! Kimoja kina michirizi mgongoni! Kimoja cheusi kina kishungi na manyoya ya miguuni kwa pamoja, na mwenzake hana hiki wala kile.

Jumamosi napeleka posa Kibimba, kwa kina Ineza. Baba yake, Mzee Manirakiza, nilishamtangazia kwa simu, mayai yangali yanaatamiwa, mbegu yangu mpya niliyoipa jina langu, Venance Nyeupe, vifaranga kumi na viwili sare. Akasema anataka mkwe anayejua anachofuga. Nimekwisha!

Baadaye. Nimepata jibu. Jogoo wa jirani yangu Aristides, yule mweusi mwenye kiburi. Tetea wangu amezini!

Alhamisi, 3 Julai

Nimemshtaki Aristides kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti aliuliza kama banda langu hufungwa. Nikajibu kwa maringo kwamba lina kufuli saa zote, na ufunguo naning'iniza shingoni. Akauliza basi jogoo alipita wapi. Aristides akasema labda jogoo wake ni malaika. Kijiji chetu chote cha Nyakahura kilicheka. Kesi imefutwa!

Njiani nikakutana na Mwalimu Jovitha, anafundisha baiolojia sekondari. Anasema kuku wangu ni machotara, niliuziwa maneno. Anasema kila mwenye baba na mama ana nyuzi za urithi mbili mbili, moja ya baba, moja ya mama. Kabla ya kutengeneza yai, nyuzi hizo hulala ubavu kwa ubavu, hubadilishana vipande, na unatoka mgawo mpya kabisa. Weusi wa bibi uliojificha unaibuka. Hata bakteria hupeana vipande! Ndivyo viumbe wanavyobadilika kizazi hadi kizazi, na ugonjwa ukija hauwakuti wote sawa.

Nikamwuliza mbona migomba yangu hufanana. Akasema chipukizi halina baba, ni mgomba uleule, ndiyo maana mnyauko ulifagia shamba langu lote mwaka juzi. Hapo alinichoma. Mwalimu mzuri, lakini hamjui jogoo wa Aristides.

Jumamosi, 5 Julai

Mungu wangu! Mungu wangu!

Nilibeba vile vitano vya njano tu, kwenye kikapu. Mshenga wangu Renatus ndiye wa kusema, mimi wa kunyamaza. Ndiyo desturi. Mzee Manirakiza akahesabu, akauliza saba vingine viko wapi. Renatus akaanza kukohoa. Nikampokonya neno! Nikasema tetea alizini, na kwamba mtoto asiyefanana na baba yake ana baba mwingine, jambo hilo halihitaji shule.

Ndipo nikatazama waliokaa. Mzee Manirakiza: mfupi, mweusi, meno yamebanana. Ineza wangu: mrefu, maji ya kunde, mwanya mpana. Kaka zake wanne, kila mmoja na sura yake. Mama Ineza alisimama taratibu, akaniomba nirudie nilichosema. Kikapu kilitangulia nje, mimi nikafuata, Renatus alikuwa ameshafika barabarani.

Jumapili, 6 Julai

Ineza amepiga simu. Anasema haolewi na mtu aliyemtukana mama yake kwa sababu ya kuku. Nikaombe radhi mbele ya watu walewale, la sivyo basi. Nimelia. Nampenda yule binti, nimelia kweli. Nimekimbilia kwa Mwalimu Jovitha anifundishe upya zile nyuzi. Nimeziandika kiganjani.

Jumatatu, 7 Julai

Saba Saba, watu wote wako nyumbani. Nimepiga magoti mbele ya mama mkwe. Shikamoo yangu aliijibu akiwa amenipa mgongo. Kiganja kilikuwa kimetoa jasho, wino umefutika! Nikaeleza kwa kichwa: nyuzi, vipande, mgawo mpya, bibi anayeibuka. Mama Ineza akaingia ndani, akatoka na picha ya zamani ya bibi yake, huko Burundi. Mrefu, maji ya kunde, mwanya mpana. Ineza mtupu! Shangazi wakapiga vigelegele, mama mkwe akacheka mpaka akafuta machozi. Posa imepokelewa! Mzee akaniuliza kama nimejifunza. Nikasema sana, baba.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata wazo kubwa. Vile vitano vya njano nitavikuza na kuvizalisha vyenyewe kwa vyenyewe. Nimeshampigia baba mkwe: siku ya harusi nampelekea vifaranga ishirini, vyote vyeupe. Alinyamaza, nadhani alifurahi. Ineza nimemwahidi watoto sita, wote sura yangu. Simu ikakatika. Mtandao wa Kibimba mbovu.

Nimenunua kufuli ya pili. Aristides na jogoo wake watanikoma.