Gari Langu Halina Moshi

Bariadi, Jumatatu, 2 Juni 2025
Nimenunua gari! La dizeli, kutoka yadi ya Cyprian kule Maswa. Kanipa na karatasi: moshi wake umepimwa Japani, ukafaulu. Nilichotaka hasa. Mradi wa mazingira unatafuta gari la kubeba wataalamu kwenda mashamba ya pamba Kasoli, miezi mitatu mfululizo. Ijumaa wanapima moshi. Ukizidi asilimia 40, kwaheri. Tumebaki wawili: mimi na jirani yangu Ndalahwa. Namhurumia.

Jumanne, 3 Juni
Nimewasha gari asubuhi. Kuku wa Ndalahwa wakarudi kulala. Mke wangu Milembe kauliza kama nachoma mkaa, na nategemea gunia ngapi. Ndalahwa kanisalimia mwangaluka juu ya uzio, halafu kauliza ni gari au tanuri la matofali. Sikuitikia salamu. Kwetu hilo ni kosa. Nimelikubali.

Nikaisoma karatasi upya. Mimi namba hazinipiti. Zilinipita mara moja tu, jana. Namba ya chasisi ina tarakimu tatu zisizo zangu. Na imeandikwa petroli!

Jumatano, 4 Juni
Maswa. Cyprian wala hakutahayari. Kaniita mkubwa, kanipa soda, kasema karatasi ni ya gari jingine ila yalikuja meli moja, kwa hiyo ni ndugu. Nikamwuliza: kaka yake akifaulu mtihani, naye anapewa cheti? Kasema inategemea ukoo. Gari halirudishwi. Nimeondoka na gesi ya soda tumboni.

Alhamisi, 5 Juni
Fundi Thomasi kasema nozo zimechoka: zinamwaga dizeli badala ya kuinyunyiza. Anataka siku tatu. Ninayo moja. Nikapiga hesabu. Moshi ni uchafu. Uchafu huchujwa. Na stoo nina pamba hadi darini! Kilo mbili na nusu zimeingia kwenye ekzosi, nimeshindilia kwa mpini wa jembe. Tena pamba safi, si fifi. Wataalamu hawawekewi daraja la pili. Milembe kasema nina akili za fisi. Nikamjibu fisi hafi njaa.

Ijumaa, 6 Juni
Mpimaji ni mama Eufrasia, mpole. Ndalahwa kaja na shati jeupe la kanisani, kasimama nyuma ya gari langu ashuhudie. Nikaambiwa nikanyage mafuta sekunde kumi na tano. Sifuri! Mama Eufrasia kasema hajawahi kuona, hata kwa baiskeli. Nikamtazama Ndalahwa kwa upole wa mshindi. Sekunde ya kumi na moja: puu! Pamba ikatoka nzima, nyeusi, ikamkuta kifuani. Kipimo kikapanda: 93.

Mama Eufrasia kaiokota, kaigeuza, kauliza kama hii ni safi au fifi. Nikasema ilianza safi.

Ndalahwa kapata 43. Naye kafeli! Tumepewa wote hadi Ijumaa ijayo. Mama Eufrasia kanisihi nibadilishe nozo, basi.

Jumamosi, 7 Juni
Thomasi kapiga simu mara mbili. Nozo zimefika, siku tatu zinatosha, nipeleke gari. Nimemwambia asubiri, niko na kalamu. Kumi na tano toa kumi na moja. Nimefeli kwa sekunde nne tu! Kosa ni la pamba, inabana mno. Sponji inapumua. Nimekata kipande cha godoro la wageni, upande wa miguu. Mama mkwe anafika kesho. Ni mfupi.