Baridi ya Kuazima kwa Muuza Samaki

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu wangu bado kitandani. Chuoni haendi, nywele hachani, uji anaurudisha na utando wake juu. Eti dunia inaungua, asome ili iweje? Mchawi namjua. Jirani yangu, Bibi Redio, anayempigia kelele za ukame na mafuriko dirishani kama mchuuzi wa karanga. Nimemwendea nikamwambia afunge domo. Akanijibu kwamba domo lake nitaliziba, joto je? Mwanamke huyu!

Jumanne, 4 Machi

Nimeificha chaja ya mjukuu kwenye pipa la unga. Simu imezima. Habari mbaya kwisha! Wapi. Sasa analia bila simu. Chaja nimeirudisha, nyeupe pe.

Jumatano, 5 Machi

Ugonjwa nimeugundua. Mtoto huyu hajawahi kuona baridi! Enzi zetu ukungu uliingia hadi jikoni bila hodi. Tulitoa mvuke mdomoni tukijifanya wazee wanaovuta kiko. Mama alitufunika watoto wote blanketi moja, anayejikuna anafinywa. Blanketi lenyewe ninalo, analilalia paka. Nitamwonyesha baridi, aache kulia.

Ijumaa, 7 Machi

Barafu nimeazima kwa muuza samaki. Mabeseni mbele ya feni, madirisha nikafunga. Mjukuu nikamvika sweta niliyomfumia mama yake utotoni, ikamfika kitovuni. Nikamwamuru apumue. Mvuke haukutoka. Ilitoka harufu ya samaki, na paka wa mtaa mzima wakajaa mlangoni. Barafu ikayeyuka, godoro likaloa. Bibi Redio akauliza kwa sauti kama nimefungua soko.

Nikaketi kwenye maji, nikalia. Mimi! Nikasema naukumbuka ukungu ule, namkumbuka mama, na hakuna aliyeniambia niuage. Mjukuu akashuka kitandani. Akanifunika blanketi, akataka nimsimulie tena ya kiko. Nikasimulia mpaka uji ukapoa. Akaumaliza, na utando wake.

Jumatatu, 10 Machi

Amechana nywele, ameenda chuoni! Kaniambia hofu bado anayo, ila haimlemei tena kama alipokuwa nayo peke yake. Eti, Bibi, si barafu iliyoniinua, ni yale mazungumzo yetu.

Mazungumzo! Nimemwacha aamini hivyo. Barafu ilikuwa kidogo, ndiyo maana hofu imebaki.

Nimeshaongea na mwenye bucha. Chumba chake cha baridi kinaingia stuli mbili, katikati ya nyama. Blanketi nimelifua. Paka wote nitawafungia kwa Bibi Redio.