Wamemchukua Kevini

Siku barua ya Marekani ilipofika Chimala, mwaka ule wa sabini na tano, chai ya Roza ilipoa kwenye vikombe na hakuna aliyekumbuka kuinywa. Benchi la Roza, muuza chai wa kando ya lami, halijawahi kukosa mada, ila siku hiyo mada ilikuja na stempu.

Mwenye barua alikuwa Asukile, ambaye kijiweni wanamwita Keki. Aliwapikia Wamarekani waliokuja kujenga barabara kuu, na tangu waondoke hajapata wa kumwokea keki, wala hajaacha kuzitaja. Msomaji alikuwa Silvester, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, jina la utani Kamusi, maana hatembei bila kamusi kwapani.

"Soma taratibu, Mwalimu," alisema Asukile. "Huyo mtoto wao Kevini amekulia jikoni kwangu miaka mitatu."

"Mama yake anakusalimu. Anasema Kevini amemaliza sekondari mwezi wa sita." Silvester akalowesha kidole kwa mate, akafungua kamusi. "Halafu anasema Kevini amekuwa draftedi."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ngoja." Kidole kikateremka ukurasa mzima. "Kuandikishwa jeshini kwa lazima."

Asukile akaweka kikombe chini. Akilini alimwona Kevini vilevile kama alivyomuaga, magoti yana vumbi na meno ya mbele yamepishana.

"Jeshi la kwenda wapi?" aliuliza Yotamu, balozi wa nyumba kumi. Huyu hakuna taarifa ya habari inayompita, ndiyo maana wanamwita Redio. "Vita ya Vietnam imekwisha tangu Aprili. Nimesikia mwenyewe."

"Mmarekani hakosi vita," alisema Nyanda, Msukuma aliyehamia huku Usangu na ng'ombe wake. "Ukiona hana, ujue bado anachagua."

"Jamani, ni kama JKT yetu tu," Silvester alijaribu kupoza. "Wetu wa kidato cha sita si wanakwenda kwa mujibu wa sheria? Wanalima, wanaimba, wanarudi wamenyooka. Na hapa ameandika kazi yake. Shotistopu." Akafunua tena. "Shoti ni fupi. Stopu ni kituo. Kituo kifupi."

"Afadhali," alisema Yotamu. "Hakai sana. Anashuka, anapiga risasi mbili, anapanda gari anarudi."

"Au ufupi wenyewe ndio wa kutorudi," alisema Nyanda.

"Nyanda, mdomo wako huo," alisema Roza, akifuta meza ambayo haikuwa na uchafu.

Silvester akaendelea. "Waliomchukua wako mji wa mbali, hajawahi kufika. Wakubwa walikaa kikao, wakaita majina ya vijana kwa zamu, na yeye akaangukia huko. Hakuulizwa anataka wapi."

Nyanda akapiga paja. "Kumbe hata mabepari wana operesheni kama yetu ya vijiji! Hujaulizwa, umepangiwa mahali, nenda kaanze upya. Mimi mwaka jana niliambiwa, Nyanda, boma lako lote lisogee barabarani kabla ya Jumamosi. Mpeni pole mwenzangu. Mwambieni asisahau milango ya nyumba yake, mimi yangu niliiacha kulekule."

Yotamu alikuwa amegeuzia uso barabarani, kama afanyavyo kila serikali inapoguswa mbele yake.

"Balozi, umesikia?" aliuliza Nyanda.

"Sijasikia. Nilikuwa naangalia lori."

"Nirudie?"

"Kuna lori lingine linakuja."

Wote wakacheka isipokuwa Asukile. "Mwalimu, toa kalamu," alisema. "Mwandikie atoroke. Aje hapa. Nitampeleka Rungwe kwa dada yangu, akae ndani ya migomba. Nani atamwona?"

"Mzungu mwekundu ndani ya migomba ya kijani," alisema Yotamu. "Keki, huyo ataonekana toka Mbeya mjini. Halafu akilala kwako hata siku moja, lazima nimwandike kwenye daftari la wageni."

"Hata wewe utamwandikisha?"

"Daftari ni daftari, ndugu yangu."

"Mnacheka," alisema Asukile. "Huyo mtoto aliugua malaria siku nne, na hakutaka mkono wa mtu mwingine ila wangu. Radi ikipiga alikuwa anaingia chini ya meza yangu ya kukandia unga. Sasa wampe mzinga?"

Nyanda, ambaye ana neno hata msibani, akamsogezea Asukile kikombe karibu.

Roza alikuja kuchukua vikombe, akainama juu ya bega la Silvester. "Mwalimu, Kizungu mimi sikijui, lakini hiyo karatasi ina wino nyuma. Mmegombana asubuhi nzima juu ya upande mmoja."

Silvester akaigeuza. Akasoma kimya, midomo ikicheza, halafu akafunga kamusi polepole. "Ni mpira," alisema. "Beseboli. Timu ndiyo iliyomsajili. Shotistopu ni mahali anaposimama uwanjani, anadaka mipira inayokuja kwa kasi chini chini."

"Na jeshi?"

"Jeshi ni la kwenye kamusi."

Asukile akashika kichwa kwa mikono yote miwili. "Ndaga fijo," alisema, shukrani ya kwao Unyakyusa, akairudia mara tatu, na machozi hakuyaficha. "Ule mchezo wao wa rungu. Alikuwa akiucheza kambini na baba yake."

"Subiri, kuna zaidi. Mtu wa gazeti alimuuliza, nani alikufundisha kudaka hivyo? Kevini akajibu, kocha wangu wa kwanza ni Asukile wa Chimala, Tanzania. Alikuwa akinirushia vitu vigumu kila asubuhi, miaka mitatu, bila kuchoka."

Benchi zima likamgeukia. Nyanda akavua kofia.

"Kocha wa Wamarekani tunakaa naye hapa, na balozi sina taarifa?" alisema Yotamu. "Ningepeleka jina lako wilayani."

Asukile alijikuna shingo. "Kocha gani," alisema. "Alikuwa anaiba maandazi kwenye karai, ya moto hivyo hivyo. Nilikuwa namtupia viazi atoke jikoni kwangu."

"Na alikuwa anavidaka?" aliuliza Yotamu.

"Vyote. Unafikiri kwa nini nilivitupa miaka mitatu? Sikumpata hata kwa kimoja."

Roza alicheka hadi akaweka sinia chini. Asukile akamsogezea Silvester kalamu, akakaa wima, akafunga kifungo cha juu cha shati.

"Mjibu, Mwalimu. Mwambie kocha wake anamsalimu. Viazi usivitaje."