Kasoro za Duka la Halwa

Jumatatu, 4 Machi 1996

Msiba! Kuanzia mwezi huu hakuna kukagua duka la mtu bila cheti. Miaka yote nimekagua usalama wa moto Mombasa nzima kwa macho na pua, leo naambiwa nikasome. Mwalimu ni Bwana Nicanor, mzee wa bara aliyestaafu zimamoto. Hacheki hata kwa bahati mbaya. Atakayefeli atavua kofia ya ukaguzi akaoshe gari la zimamoto. Mimi, Jefwa! Na mke wangu Kadzo keshawatangazia watu wa mtaa wote wa Majengo kwamba bila mimi hakuna duka linalofunguliwa.

Darasani nimeketi karibu na Rispah. Kaanza kazi juzi tu, na ana kalamu za rangi tatu. Tukaulizwa moto unahitaji nini ili uwake. Nikasema kiberiti. Rispah akasema joto, hewa na kitu cha kuungua. Akasifiwa! Bila kiberiti angewasha na nini? Nimeudhika mno.

Jumanne, 5 Machi

Furaha! Nimepita chini ya dirisha la Mwalimu (kwa bahati, mara nne) nikamsikia akisema kwenye simu kwamba mtihani ni Alhamisi, dukani kwa Bi Mejumaa, mpika halwa wa Mji wa Kale. Rispah hajui. Nilicheka peke yangu hadi Ngome ya Yesu. Watalii wakanipiga picha.

Mpango wangu ni rahisi. Mkubwa akija mahali, mahali hapo husafishwa. Mawe ya njiani hupakwa chokaa, mbuzi hufukuzwa. Mwalimu atakuta duka salama kabisa, atauliza ni kazi ya nani, ataambiwa Jefwa. Cheti mkononi.

Jumatano, 6 Machi

Bi Mejumaa alinipokea kwa kahawa na halwa ya moto. Akaniambia Mwalimu alikuja jana jioni, akahangaika sana jikoni, kisha akamsihi asiguse kitu chochote mpaka Alhamisi. Nikamweleza kwamba hiyo ni adabu tu. Mgeni gani asiyesema usijisumbue? Na mwenyeji gani asiyejisumbua? Bi Mejumaa akakubali kuwa kweli, yeye mwenyewe husema hivyo kila aendako, na wasipojisumbua hununa.

Basi nikavua shati. Dumu la mafuta ya taa lilikuwa limegusana na jiko, nikalipeleka mbali. Magunia yameziba mlango wa nyuma, nikayaondoa. Komeo limekazwa, nikalilegeza. Madebe ya mchanga hayana mchanga! Nikayajaza. Mgongo umekwisha. Bi Mejumaa akaniombea dua ndefu na kunifungia halwa ya Kadzo. (Kadzo hakuiona. Njia ilikuwa ndefu.)

Alhamisi, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulipofika mlangoni Mwalimu akatangaza kwamba juzi aliweka kasoro nne humo ndani kwa makusudi. Atakayeziona zote amefaulu. Nne! Ndizo zile nilizoziondoa jana!

Rispah aliingia kwanza. Akakaa humo, akakaa. Akatoka amelowa jasho, akasema haoni kasoro hata moja. Mwalimu akatikisa kichwa. Masikini, macho yalimjaa machozi. Nilimhurumia, kidogo.

Zamu yangu. Nani azijuaye kasoro zile kunishinda mimi? Ila lazima ziwepo! Nikamwomba Mwalimu asubiri nje nikusanye mawazo. Kisha mbio! Nikamwaga mchanga. Nikakaza komeo. Nikarudisha dumu. Bi Mejumaa akaniuliza kama nimepagawa, nikamwambia asijisumbue. Gunia la mwisho nikaliburuta karibu mno na jiko.

Likashika moto.

Nikakimbilia mchanga. Nimeumwaga! Nikakimbilia mlango wa nyuma. Nimeufunga! Nikapiga ukelele. Rispah akaingia, akalisukuma dumu mbali, akachovya gunia jingine kwenye pipa la maji na kuulalia moto nalo. Ukazimika. Halwa haikudhurika, alhamdulillahi.

Bi Mejumaa akamsimulia Mwalimu yote, tangu kahawa ya jana. Nikangoja kufukuzwa. Mwalimu akanitazama, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Mejumaa naye ushungi ukamteleza kwa kicheko. Tukala halwa sote tumesimama kwenye moshi, na sijapata kula tamu kama ile.

Rispah amepewa cheti papo hapo. Alisema kweli kwamba hakuna kasoro, kisha akazima moto wa kweli. Mimi nitarudia Jumatano. Ameahidi kunifundisha. Nimempenda yule dada. Nimemwambia kalamu zake ni nzuri.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari sana tangu Alhamisi, na kosa langu nimeliona. Niliondoa kasoro! Mtihani wa kutafuta kasoro, mtu mzima naziondoa!

Nimepita tena chini ya dirisha. Jumatano ni hotelini kwa Kahindi, kule Feri. Leo nimemwendea nikamwomba kwa heshima zote asogeze mtungi wa gesi ubusu jiko, aanike taulo juu yake na auzibe mlango wa nyuma kwa viti. Kahindi akauliza mimi ni nani hasa.

Nikamwambia mkaguzi wa usalama wa moto. Kuanzia Jumatano, inshallah.